Namba ya Ozella Kwenye Kioo

Mke wangu Ozella alishona foronya kiwandani, katika mji wetu wa Clinton, tangu usichana mpaka vidole vilipoanza kukataa. Kanisani aliimba sauti nzito ya wanaume, kwa kuwa wanaume wetu walikuwa wachache na wavivu. Alikuwa mfupi. Akiendesha gari alikalia mto.

Alikuwa na gari lililowapita vijana kwenye uwanja wa mbio, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nitaanza na gari. Bila gari sijui pa kuanzia kumweleza yeye.

Lilikuwa la aina ya Rambla, stesheni wagoni, gari refu la familia lenye milango minne, rangi ya maziwa yaliyolala. Lilikuwa la mama mkwe wangu, Mama Rilla, na kazi yake ilikuwa kubeba masufuria ya chakula na wanawake wa kanisa. Mama Rilla hakujua kuendesha. Alikaa nyuma, katikati, pochi nyeusi mapajani, akiwasukuma binti zake kwa mdomo.

"Kanyaga, Ozella. Mchungaji hatatungoja."

Jumapili moja walikuwa wanarudi kutoka ibadani. Ozella alikuwa kwenye usukani na dada yake Corinthia kando yake. Wawili hao walikuwa wanabishana kuhusu chumvi kwenye sukuma wiki. Walipofika darajani, karibu kabisa na nyumbani, wakasikia nyuma, "Kanyaga." Ozella akakanyaga. Walipoingia uani Corinthia akafungua mlango wa nyuma amshushe mama yao. Mama Rilla alikuwa amekaa wima, pochi mapajani, macho wazi. Alikuwa ameshakwenda. Mikono ilikuwa baridi na vidole vimekakamaa kwenye pochi.

Mtu hapoi hivyo kutoka darajani mpaka uani. Wote wawili walijua alikuwa amekufa kabla ya daraja. Ozella alilisema jambo hilo mara moja tu, kwangu. Corinthia hakulisema kabisa, lakini hakukanyaga tena ndani ya gari lile. Alitaka liuzwe.

Ozella alilisukumia kwenye banda la kukaushia tumbaku akalifunika turubai. Miezi ikapita. Siku moja nikamkuta humo, boneti imeinuliwa, ameshika taa.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama litaweza."

"Kuweza nini?"

"Kukanyaga," akasema.

Baba yake alilima tumbaku kwenye shamba la mtu. Ozella ndiye aliyekuwa akitengeneza trekta, kwa sababu ndugu zake wa kiume walikwenda kaskazini wakasahau njia ya kurudi. Alisikiliza injini kama alivyosikiliza cherehani. Alikuwa akiinamisha kichwa hivi, upande mmoja, kisha anakwambia kilicholegea.

Ile injini ndogo ya Rambla aliitoa. Akapata ya silinda nane kwenye gari la doria la polisi lililopinduka, likatupwa nyuma ya gereji. Haikuingia. Akakata chuma, akachomelea kingine, akaijaribu tena. Difu, ile ya kuzungushia magurudumu ya nyuma, aliitoa kwenye pikapu ya kubebea magogo. Kabureta aliifungua juu ya meza yangu ya kulia chakula, na tulikula tumeshika sahani mapajani mpaka alipomaliza. Mikanda ya kiti aliishona mwenyewe kiwandani, wakati wa mapumziko, kwa uzi mzito wa maturubai. Mimi nilishika taa, nikapitisha spana. Sikuwa na lingine la kufanya, na nilipenda kumtazama.

Ile siku ya kuliwasha mara ya kwanza, mbwa wa majirani wote walinyamaza. Ungetegemea wabweke. Walinyamaza mpaka jua lilipozama.

Uwanja wetu uko kati ya mashamba, kipande cha lami iliyonyooka chenye misonobari mwishoni. Kuna kundi la magari ya barabarani. Sharti lao ni moja: gari lije kwa magurudumu yake kutoka nyumbani, likiwa na namba ya usajili, taa, wipa na honi, likimbie, na lirudi nyumbani kwa magurudumu yake. Ukivutwa na gari lingine, umetoka. Mkaguzi hupiga honi yako mwenyewe ili aisikie.

Siku ya kwanza Ozella alifika na Rambla lake, kofia ya kanisani kichwani. Wanaume walisogea kucheka kwa karibu. Mbele yao alikuwa Harlan Jernigan, mbeba magogo, jirani yetu.

"Dada Ozella, chakula cha msiba wanapeleka kanisani, sio hapa."

"Ni msiba wako huo, Harlan. Nimekuletea na taulo."

"La nini?"

"La kufutia machozi."

Akamshinda mbio. Harlan alikaa kwenye gari lake muda mrefu, kisha akaja kuomba aonyeshwe injini. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wetu.

Wanaume walimwambia ang'oe kiti cha nyuma. Kila mtu pale hung'oa anachoweza, gari liwe jepesi. Wengine wameng'oa hata vitasa. Ozella alikataa.

"Mama atakaa wapi?" akasema.

Walicheka. Yeye hakucheka. Halafu walipoona tairi zake za nyuma zinashika lami wakati zao zinateleza, wakaanza kusema labda ni ule uzito wa nyuma. Harlan alijaza mifuko ya mchanga kwenye buti la gari lake. Haikumsaidia.

Kulikuwa na sauti moja kwenye gari lile. Ukiingiza gia ya pili, kwa nyuma kulilia klik, kama kibanio cha pochi kinafungwa. Nililala chini ya gari nikitafuta kitu kilicholegea. Niling'oa kiti na kukirudisha. Ozella alinitazama tu, anatafuna karanga za kuchemsha.

"Acha, Faison," akasema. "Anafunga pochi tu. Ameona tunakwenda."

Sasa hapa lazima nieleze mchezo wenyewe, maana mambo yote yanakaa juu yake. Pale hushindi kwa kasi. Kabla ya kukimbia, unaandika kwenye kioo cha mbele, kwa dawa nyeupe ya viatu, muda ambao gari lako litatumia mpaka mwisho wa lami. Mwenye gari la polepole anaachiwa kwanza, mwenye gari la kasi anafuata, kwa tofauti ya namba zao. Ukienda polepole kuliko ulichoandika, utafikiwa. Ukienda haraka kuliko ulichoandika, umeshindwa hapo hapo, hata kama umetangulia. Kwa hiyo kazi ni kulijua gari lako na kujijua mwenyewe, kisha kusema kweli. Gari likitumia muda ule ule ulioandikwa, bila kuzidi wala kupungua, watu husema limepiga namba yake. Wapo waliokimbia maisha yao yote bila kupiga.

Ozella alikuwa anaandika sekunde saba nukta ishirini, au hapo karibu. Alishinda sana. Kupiga namba, hakupiga hata siku moja. Siku zote ilibaki ncha ya sindano, huku au huku. Kikaratasi cha muda wanachotoa mwisho wa mbio akikisoma, anakikunja, anasema, "Bado sijasema kweli."

Kisha akaugua. Ugonjwa ulianza tumboni. Madaktari walifungua, wakafunga.

Alikonda. Akawa anasema mambo. Alisema Mama amesogea kwenye kiti, siku hizi hakai katikati, anakaa upande wa dirisha. Alisema usiku injini inajisafisha koo bandani. Corinthia alikuja kila siku na supu. Alikuwa akimsikiliza, akitoka nje alinitazama na kutikisa kichwa.

"Ugonjwa umepanda kichwani, shemeji."

Nilikuwa nimeanza kuamini hivyo na mimi.

Jumapili zile za mwisho Ozella aliniomba niendeshe mimi. Yeye akakaa kando yangu, mto mgongoni, saa ya baba yake mkononi, ile ya kubonyeza kupima sekunde. Kwenye kona ya barabara ya kanisani kuna alama ya kusimama. Barabara mbele imenyooka, haina mtu, na mpaka sanduku la barua la Harlan ni urefu ule ule wa uwanja.

"Kanyaga mpaka sanduku la barua la Harlan," akasema.

"Ozella, unaumwa."

"Naumwa, sijafa. Kanyaga."

Nikakanyaga. Mimi mwili wangu ni mkubwa na mkono wangu wa gia ni mzito. Nilikwaruza ya pili, nikachelewa ya tatu. Yeye akatazama saa.

"Rudi. Tena."

Tulifanya hivyo Jumapili ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Harlan alitoka nje akasimama kando ya sanduku lake, amevaa suruali ya kulalia.

"Mnaniibia barua?"

"Hakuna anayekuandikia, Harlan," Ozella akamjibu, akaandika kitu kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi, akakifuta.

Jumamosi yake ya mwisho uwanjani nilimbeba mpaka kwenye gari. Alisimama mwenyewe mbele ya kioo, akaandika namba. Aliiandika taratibu, anakandamiza. Saba nukta arobaini na moja.

Watu walitazamana. Gari lile lilikuwa halijawahi kwenda polepole hivyo tangu lizaliwe upya. Akiliendesha kwa namba ile atakwenda haraka kuliko namba kwa mbali, atatolewa hata na mtoto. Harlan alisogea, akasema kwa upole, "Dada, umekosea tarakimu. Nikufutie?"

"Ukiigusa nitakukata mkono."

Kisha akarudi kwenye kiti chake cha kukunja akajifunika blanketi. Zamu yake ilipoitwa, akasema, "Siendeshi leo. Namba sio ya leo."

Alikufa wiki ya pili baada ya hapo, mchana, redio ikiwaka. Kabla ya hapo alinishika mkono, akaniambia mbele ya dada yake, "Rambla ni la Faison. Lisiuzwe. Na sitoki humo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya kueleweka.

Kadi ya gari ilikuwa na majina ya mabinti wote wawili. Corinthia alingoja mpaka tumbaku ilipovunwa. Kisha akaja, akakaa barazani kwangu bila kuvua kofia.

"Kuna mtu wa Wilmington anataka injini. Bodi atalisaga liwe chuma chakavu."

"Ozella alisema lisiuzwe."

"Ozella alisema na Mama anahama viti. Alisema injini inakohoa. Alisahau namba ya gari lake mwenyewe mbele ya watu wote, shemeji. Ile haikuwa akili ya dada yangu. Siwezi kulihifadhi jeneza la mama yangu kwa neno la mtu aliyepotewa na akili."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia.

Akaondoka. Mimi nikabaki na jambo hilo. Kama akili ilikuwa imepotea, basi na mkono ule alionishika haukuwa wake, na neno lile, sitoki humo, halikuwa lake. Ningebaki na nini.

Namba ile niliifuta mwenyewe baada ya mazishi. Niliisugua kwa siki na gazeti mpaka kioo kikalia. Asubuhi ya pili baada ya Corinthia kuja, ukungu ulikuwa umepanda kutoka bwawani, mzito, ukaingia mpaka bandani. Nilikwenda kulitazama gari. Turubai lilikuwa chini. Sikumbuki kulivua. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa chote na unyevu, isipokuwa mahali pa namba. Saba nukta arobaini na moja, wazi kabisa, kwa mwandiko wake, ile saba yake yenye mkia.

Najua dawa ile ya viatu hula kioo ikikandamizwa. Harlan amenieleza. Lakini nilisimama pale nikaitazama, na ndipo nikasikia kichwani saa ile ya kubonyeza. Tki. Rudi. Tena.

Nikaenda kwa Corinthia kwa miguu. Alikuwa anakaanga samaki.

"Hakusahau," nikamwambia. "Ile sio namba yake. Ni yangu."

"Yako wewe? Wewe hujawahi kushindana hata na kobe."

"Ndiyo maana ni ya polepole."

Akageuza samaki. Nikamweleza habari za Jumapili zile, alama ya kusimama, sanduku la barua, saa.

"Alikuwa ananipima," nikasema. "Alijua atakayeendesha ni mimi."

Akamwacha samaki mpaka akaungua upande mmoja.

"Basi endesha," akasema. "Jumamosi. Nitakuja nione kwa macho yangu. Likipiga namba hiyo, nitajua dada yangu alikuwa na akili zake, na gari libaki. Lisipopiga, likikosa hata kwa ncha ya sindano, Jumatatu mtu wa Wilmington anakuja, na usiniambie tena habari hizi."

"Sawa."

"Ncha ya sindano, shemeji."

"Nimesikia."

Jumamosi ukungu haukuondoka. Nilikwenda uwanjani taa zimewaka mchana. Njiani sikuwasha redio. Darajani gari lilivuta lenyewe kidogo, kama mguu wangu umeongezewa uzito.

Mkaguzi alipiga honi. Alitazama taa, wipa, namba. Akatazama kioo.

"Uandike muda, Mzee Faison."

"Umeshaandikwa."

Akainama. Unyevu ulikuwa kwenye kioo na namba ilikuwa wazi. Akatoa dawa ya viatu aipitie juu, watu wa mnarani wanaopima muda waione. Mkono wake ulifuata mistari ile bila kukosea, kisha akajifutia kwenye suruali kama mtu aliyeshika kitu cha baridi.

Walinipanga nishindane na Harlan. Corinthia alisimama kwenye uzio, pochi mkononi, kofia ya kanisani. Harlan alipita dirishani kwangu.

"Usiendeshe vizuri," akasema. "Uendeshe kama wewe."

Nikakaa kwenye mstari. Misonobari ya mwisho haikuonekana. Lami iliingia kwenye weupe na kupotea. Nilitaka kumkumbuka Ozella nikashindwa, nilikumbuka tu harufu ya mafuta ya mashine kwenye nywele zake, kisha nikagundua sikuwa naikumbuka. Ilikuwa mle ndani. Na mto wake ulikuwa kwenye kiti cha kando, nilipouacha, lakini ulikuwa umebonyea katikati.

Taa zikashuka, njano, njano, kijani. Nilichelewa. Nikaachia klachi. Gari likainua pua likaondoka. Nikakwaruza ya pili, kama siku zote.

Klik, nyuma.

Ya tatu nikaichelewesha. Sikuichelewesha kwa makusudi. Weupe ukatumeza. Sikuona kitu, na karibu na sikio langu la kulia, mahali ambapo mtu aliyekaa kando angekuwa, nikasikia: tki.

Harlan alishinda. Nililala kwenye taa ya kijani, na hilo ni kosa langu halali, ingawa muda wenyewe huhesabiwa gari likianza kuondoka. Nilirudi polepole mpaka kwenye kibanda cha vikaratasi. Msichana akaninyooshea changu. Mimi sisomi vizuri, lakini tarakimu nazijua.

Nikampa Corinthia. Alikivuta karibu na macho, akakisogeza mbali, akakirudisha. Saba. Nukta. Arobaini na moja. Nyuma yake kuna tarakimu ya mwisho, ile ndogo ambayo watu hulia juu yake. Ilikuwa sifuri.

"Amesema kweli," akasema Corinthia. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Akakikunja kikaratasi kama dada yake alivyokuwa akifanya, akakitia kwenye pochi. "Alikuwa na akili zake zote. Mungu anisamehe."

Harlan alikuja mbio, kofia mkononi. Alikuwa anafurahi kuliko mimi. Alitaka kujua kila kitu, namna alivyonipima, wapi, kwa saa gani. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu, kisha kichwa kikasimama.

"Ngoja, Mzee Faison. Niliwaona pale kwenye sanduku. Alikuwa amekaa wapi?"

"Kando yangu."

"Kwa hiyo alikupima mkiwa wawili."

"Ndiyo."

"Leo ulikuwa peke yako."

Nikautazama mto kwenye kiti cha kando.

"Peke yako gari lingekuwa jepesi," akasema taratibu. "Lingekwenda haraka zaidi. Sio sana. Kwa uzito wa mwanamke mdogo hivi." Akanitazama, akalitazama gari. "Ungezidi namba. Ungetolewa."

Injini ilikuwa imezimwa, inatoa ile sauti ya chuma kinachopoa. Dirisha la upande wa abiria lilikuwa limeingia ukungu kwa ndani, pale chini, kwenye usawa wa mdomo wa mtu mfupi.

Corinthia ndiye aliyesogea wa kwanza. Alikuwa amekuja na jirani yake, na gari la jirani lilikuwa linamngoja getini limewashwa.

"Nipeleke nyumbani, shemeji," akasema.

"Na hili?"

"Lazima lirudi kwa magurudumu yake, si ndiyo sheria yenu?"

Nikazunguka nimfungulie mlango wa mbele. Akaushika mkono wangu akautoa kwenye kitasa.

"Hapo pana mtu," akasema.

Akafungua mlango wa nyuma. Alisita, mguu mmoja hewani, baada ya miaka yote ile ya kutolipanda. Kisha akaingia, akavuta gauni lake, akakaa pembeni kabisa karibu na mlango, pochi mapajani, ameacha nafasi kubwa upande wa dirisha la pili.

"Sogea kidogo, Mama," akasema.

Nikawasha. Tulipofika darajani wote tulikuwa tunangoja neno lile. Nikakanyaga kabla hatujaambiwa.